Nimekuja kwa Maharagwe

Mjukuu wangu Nanjala ameajiriwa Nairobi katika ofisi ambayo mpaka leo sijaelewa inauza nini. Mwezi uliopita walipelekwa hoteli moja ya Naivasha, wafanyakazi wote, kufundishwa kuwa marafiki. Walifungwa vitambaa machoni, wakapita chini ya kamba, kisha wakaambiwa wajiachilie waanguke kinyumenyume ili wenzao wawadake. Nanjala alirudi na fulana mpya, kofia, na maumivu ya kiuno.

"Sasa una marafiki?" nikamuuliza.

"Kukhu, yule aliyenidaka hata jina lake silijui."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye nikaona si vizuri kukhu, yaani bibi, kumcheka mjukuu, kwa hiyo nawaandikia nyote mlio wa rika lake, mnaolipiwa hoteli ili mpendane. Mimi sikulipiwa hoteli. Nililipwa kuchagua mahindi, na marafiki wakaja kama nyongeza, vile muuza nyanya anavyokutupia mbili za juu.

Nilikuwa mchaguzi wa mbegu katika ghala moja la Kitale. Hamuijui kazi hiyo kwa sababu ilishakufa. Mahindi ya mbegu yalimwagwa juu ya mkanda, yaani utepe mpana wa mpira unaotembea wenyewe, nasi wanawake tumeketi pande zote mbili kama watu walioalikwa karamu ambayo chakula chake hakisimami. Kazi yako ni kutoa punje mbovu: iliyooza, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu dumuzi, au yenye rangi isiyo ya ukoo. Basi. Asubuhi mpaka jioni.

Siku yangu ya kwanza nilizikodolea macho zile punje moja moja, nikizisindikiza mpaka mwisho wa meza kama mtu anayeaga jamaa. Mkanda uliposimama wakati wa chai, niliona ghala lote linaondoka kuelekea Uganda. Nikatapika ndani ya debe la mbegu daraja la kwanza. Msimamizi wetu, Bwana Simiyu, alilitazama debe, akanitazama mimi, akasema, "Hiyo sasa ni daraja la pili."

Aliyeniokoa ni Mama Truphena, mkubwa wetu pale mezani. "Usiifuate punje," aliniambia. "Weka macho mahali pamoja, zije zenyewe. Na ongea. Mdomo ukifanya kazi, kichwa hakizunguki." Hiyo ilikuwa dawa kweli, si maneno ya kufurahisha. Walionyamaza ndio waliokuwa wakitapika. Alinifundisha na jambo lingine: mwenzako akikuambia neno zito, usimwinulie uso. Ukimtazama atanyamaza, na punje mbovu itapita.

Mbele yangu, upande wa pili wa mkanda, waliketi wanawake wawili. Mmoja ni Nelima wa Kimilili, kule Bungoma, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Kando yake Nyambura, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba huko Saboti. Mrefu, mtaratibu, na ulimi wake haukuwa na haraka lakini ukifika umefika. Hatukuwa kanisa moja wala kabila moja. Hata chai hatukuinywa namna moja. Tulichokuwa nacho pamoja ni mahindi mabovu.

Mahindi mabovu yalitosha. Pale mkandani ndipo Nyambura alipotuambia kwamba mimba yake ya tatu imetoka. Alisema akitazama mahindi. Nasi tukatazama mahindi. Nelima akapeleka mikono upande wa Nyambura, akawa anachagua kwake na kwa mwenzake, mpaka kengele ya jioni. Hakuna aliyesema pole, na nakuambieni pole ilisemwa.

Utani nao ulikuwa mwingi. Nelima alimwambia Nyambura kila wiki kwamba ugali wa kwao huliwa kwa kijiko. Nyambura alimjibu kwamba ugali wa Bungoma unafaa kujengea choo. Sisi wawili tulimcheka Nyambura kwa sababu ya l na r, ambazo kwao ni ndugu, huazimana nguo. Siku moja Nelima alicheka akitikisa kichwa mpaka hereni yake ikaangukia mkandani. Ilikuwa ya dhahabu, au ndivyo mumewe alivyomwambia. Tulisimamisha mkanda, tukapekua, wapi! Ilishonewa ndani ya gunia ikaenda zake. Mahali fulani katika nchi hii kuna mkulima aliyepanda hereni ya Nelima, nami humwombea mvua.

Kisha ikaja mashine yenye jicho. Punje zinaanguka mbele ya jicho, jicho likiona doa linapuliza upepo, fyu, mbovu inaruka kando. Bwana Simiyu alituonyesha akitabasamu kama bwana harusi. "Hii haiendi choo na haipigi domo," akasema. Wengi waliachishwa kazi. Sisi watatu tukabakizwa tuilinde, ati tuangalie jicho likikosea, na kwa sababu ya kelele tukapewa viziba masikio. Miaka yetu ya mwisho tulikaa hivyo, tumekaribiana kama zamani, hakuna anayemsikia mwenzake. Siku moja Nelima alinieleza kwa mikono habari ya harusi ya bintiye. Mimi nikaelewa kuna mtu amekufa, nikaenda kumpa pole.

Siku ya kuagwa tulipewa blanketi na chupa ya chai kila mmoja. Tulilia. Tukaapa kwamba kazi imekwisha lakini urafiki haukwishi, tena sasa ndio tutapata nafasi ya kuongea vizuri, tumeketi kwenye viti vya maana, hakuna mahindi ya kutusumbua. Tazameni ujinga huo.

Tulianza na kundi kwenye simu. Kila asubuhi Nelima alituma picha ya waridi lenye maombi. Nyambura naye alituma picha ya jua lenye maombi. Mimi nikajibu amina, amina, mpaka nikajiona kama padri wa zamu. Baadaye tukaamua kutembeleana. Walianzia kwangu, nje kidogo ya Kitale. Niliwatolea vikombe vizuri, tukaketi kwenye sofa tukitazamana.

"Watoto?" akauliza Nyambura.

"Ni wazima. Wako?"

"Ni wazima."

"Mvua je?" akauliza Nelima.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tuliiona wote dirishani. Miaka yote ile hatukuwa tumewahi kukosa la kusema, na sasa tunaulizana habari za kitu kinachoonekana! Nikawasha televisheni.

Desemba ikawa zamu ya Nyambura. Alituandalia Saboti kwa mumewe, Baba Mwangi, mzee mkimya aliyependa kusikiliza redio kuliko watu. Nyambura alikuwa ameamka mapema kutupikia ugali kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima ya mgeni wa Bungoma. Mwanawe Mwangi alikuwapo na mkewe mpya, na wakwe walikuwapo. Sahani zikatua. Nelima akaubonyeza ugali kwa kidole, akasema kwa ile sauti yake, "Nyambu, hii nipewe kijiko ama kikombe?"

Maneno yale yale! Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Lakini pale kazini yaliangukia katikati ya mahindi yakasombwa na mkanda. Hapa yalianguka juu ya kitambaa cheupe, mbele ya wakwe, yakakaa. Mke wa Mwangi aliinamisha kichwa. Nelima alikuwa bado anacheka peke yake, na mtu anayecheka peke yake husikika sana.

"Kama chakula changu hakikufai," Nyambura akasema polepole, "barabara ya Kimilili unaijua."

Nelima akasimama, akachukua mkoba wake, akaifuata. Jioni simu yangu ikaniarifu kwamba amejiondoa kwenye kundi. Tukabaki wawili, na waridi likakoma.

Mwezi wa nne Baba Mwangi alipanda maharagwe. Mwezi wa tano akafa, ghafla, redio ikiwa bado inaongea. Siku ya mazishi watu walijaa Saboti mpaka barabarani. Nelima hakuja. Nyinyi wa siku hizi mnaweza kutuma picha ya mshumaa mkasamehewa, sisi hapana. Kukosoa ugali wa mtu kunasameheka, kukosa mazishi ya mumewe ni jambo lingine. Nyambura alikaa mbele, amefungwa leso nyeusi, na kila kundi lilipoingia aliinua macho, kisha akayashusha. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia, "Nasimiyu, hata paka wa jirani alikuja."

Nilijaribu kuwapatanisha kwa njia za watu walioendelea. Niliwaita wote wawili Kitale, hotelini, bila mmoja kujua mwenzake anakuja. Walikula mandazi wakiongea na mimi tu. Nilikuwa kama dirisha la posta, kila mtu ananyoosha barua yake upande wake. Nikaleta mchungaji. Aliomba kwa muda mrefu, akakemea mapepo ya uchungu, ya kiburi na ya ulimi. Wote wawili wakasema amina kwa sauti, wakatoka kila mmoja kwa mlango wake.

Agosti Nyambura akavuna maharagwe ya marehemu. Aliyatandaza uani juu ya turubai, akaenda kliniki. Nyinyi wa huku mnaijua mvua ya Mlima Elgon, haibishi hodi. Vibarua walipoona wingu waliyakusanya kwa sepetu, udongo, mawe, mabua na yote, wakayatia kwenye magunia yakiwa yameshalowa, wakafunga midomo ya magunia vizuri kabisa, kama watu wanaoficha maiti. Nyambura alinipigia kesho yake.

"Yanatoa joto," akasema. "Nimetia mkono, ni kama uji." Sauti yake haikuwa yake. "Nimempigia Mwangi. Ananiambia, 'Mum, tupa, nitakununulia mengine.' Ati mengine!"

Sikuhitaji kuelezwa. Mengine hayakupandwa na Baba Mwangi.

Nilikata simu nikampigia Nelima kabla sijajipa nafasi ya kufikiri. "Maharagwe ya Baba Mwangi yamenyeshewa," nikasema.

Nikasikia kuku wake wakilia nyuma.

"Yametandazwa?"

"Yako kwa magunia."

"Kwa magunia! Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Woi! Nyinyi mmesahau kila kitu? Mwambie ayamwage sasa hivi, kivulini, yawe membamba kama chapati. Asiyaweke juani, ngozi itapasuka! Mwambie, ama hata hilo linangoja mchungaji?"

Asubuhi iliyofuata nikiwa Saboti na Nyambura, tumepiga magoti juu ya turubai, langoni akaingia Nelima. Alikuwa amebeba uteo wake wa kupepetea chini ya kwapa, na magunia makavu kichwani. Hakutoa mkono. Alisimama pale, akavuta pumzi.

"Sijakuja kwako, Mama Mwangi," akasema. Maisha yake yote alikuwa amemwita Nyambu. "Nimekuja kwa maharagwe."

"Yako pale," akasema Nyambura, akimwonyesha kwa kidevu.

Nelima akatandika mkeka akakaa. Sijui ni nani aliyetuweka, lakini tulijikuta wao wawili upande mmoja, mimi mbele yao.

Sasa sikilizeni, maana hili linaweza kuwafaa siku moja. Maharagwe yaliyolowa huchaguliwa kwa vidole kabla ya macho. Linaloteleza, tupa. Lililochipua, weka kando, ni mboga. Lililokunja ngozi lakini ni gumu, litapona. Usirudishe lililokauka kwenye lililolowa, litaambukizwa. Na ukitaka kujua kama limekauka kweli, liume. Likipokea jino bado, likikataa tayari.

Saa za mwanzo tuliongea maharagwe tu.

"Hili?"

"Tupa."

"Na hili?"

"Hebu... hilo litapona."

Jua likapanda, rundo likapungua, vidole vikakumbuka njia. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyotuliza, kutenga kibaya na kizuri kwa mkono mtupu. Tukaongea habari ya Bwana Simiyu, kwamba siku hizi yeye mwenyewe hasikii, sababu ya ile ile mashine isiyopiga domo. Nyambura akacheka kidogo kupitia puani. Kisha Nelima akasema, akitazama maharagwe:

"Nilifika Kitale ile siku."

Hakuna aliyeuliza siku gani.

"Nilikuwa nimebeba kuku wa kuleta kwa matanga. Nikashuka steji. Nikaona watu wa kanisa lenu wanapanda gari la kuja huku, na maua. Nikajiambia, Nelima, ukifika pale atakuuliza mbele ya watu umekuja kula ugali gani. Nikakaa kwa ile benchi ya wauza magazeti. Magari yakaja, yakaenda. Jioni nikarudi nyumbani."

Mikono ya Nyambura haikusimama. Nilishusha macho yangu mpaka karibu yaguse turubai. Haragwe lililooza likapita chini ya kidole changu, nikaliacha liende.

"Na kuku?" akauliza Nyambura.

"Kuku gani?"

"Huyo uliyekuja naye."

"Nilirudi naye." Nelima akasogeza haragwe kando. "Yuko tu. Anataga."

"Anataga!" Nyambura akatupa haragwe. "Yaani mimi nimeketi hapa na kilio changu, na wewe uko Kimilili unakula mayai yangu?"

"Si kila siku bana. Huwa anapumzika."

Nyambura akaanza kucheka. Alicheka akijishika tumbo, akainama mbele, na mahali fulani katikati ya kicheko ile sauti ikabadilika, tukajua kwamba hacheki tena. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia hivyo. Alikuwa amelia mbele za watu, kilio cha heshima, chenye leso. Hiki kilikuwa kingine. Nelima hakumkumbatia. Alipeleka mikono upande wa Nyambura, akaendelea kuchagua pale alipoachia.

Baadaye Nyambura akapangusa uso kwa kiganja chenye udongo. "Ungekuja tu," akasema. "Nilikutafuta kwa macho mpaka jeneza likashuka."

"Najua."

"Ujue."

"Nyambu, najua."

Tukarudi kazini. Yaliyosemwa hapo yalikuwa zaidi ya mchungaji na mandazi yote, na mwenye kusema hakumwona mwenzake hata jicho.

Tulifanya kazi siku kadhaa, tukilala Saboti. Kiasi kikubwa kilikuwa kimeharibika, siwadanganyi. Lakini kilichobaki kilitosha mbegu ya msimu, na Nyambura alikifunga mwenyewe, akaandika jina la mumewe juu ya gunia kwa makaa. Tulipomaliza, tulisimama uani tukitazama turubai tupu, na nikaona woga ule ule umeingia katika nyuso zao. Sasa je? Turudi kwenye sofa? Tuulizane habari ya mvua?

"Alhamisi nina mengine ya kuchagua," akasema Nyambura, akitazama pembeni. "Ya jirani."

Alhamisi tukaja. Jirani alikuwa na maharagwe kweli, akashangaa wanawake watatu wamemchagulia bure, tena kwa furaha. Alhamisi iliyofuata kulikuwa na mtama. Halafu njugu. Mkitaka kujua jinsi urafiki wa wazee unavyoendeshwa, ni hivyo: kwa uchafu wa nafaka za watu. Mama mmoja wa Suam alituletea gunia zima la ufuta wenye mchanga. Tulimbariki.

Wiki iliyopita nilifika Saboti mapema kuliko kawaida. Sikumkuta Nyambura sebuleni, nikazunguka nyuma ya ghala. Alikuwa ameinama juu ya beseni. Kwa mkono mmoja alimimina maharagwe mekundu, safi, yanayong'aa; kwa mkono wa pili alimimina ya manjano, nayo safi. Kisha akachota changarawe kutoka njiani, akanyunyiza juu kama chumvi, akakoroga yote kwa kiganja. Akageuka, akaniona.

"Umekuja mapema," akasema.

"Nimekuja mapema."

Tukabeba lile beseni wawili, tukalimwaga juu ya mkeka. Nelima akafika, akavua viatu, akaketi, akachota kiasi mkononi. Nikaona vidole vyake vinasimama. Aliinua haragwe moja jekundu lenye doa jeupe ubavuni, akaligeuza, akalisogeza karibu na macho.

"Hili nilichagua mimi Alhamisi iliyopita," akasema. "Nalijua kwa sura."

Nyambura alitazama mkeka. Mimi nikatazama mkeka.

"Yamechanganyika tena," Nyambura akasema.

Nelima akaliweka kando, likaanza rundo la safi.

"Maharagwe ya siku hizi," akasema, akivuta mengine kwake. "Hayana adabu kabisa."